Mgongo wangu, sindano za Mchina na dawa zangu za presha

Shikamoo Mama,

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 44, naishi Mbagala. Tangu mwaka juzi mgongo unanitesa. Maumivu yanaanzia kiunoni upande wa kulia, yanashuka kwenye tako mpaka nyuma ya paja. Nikikaa kwenye cherehani saa mbili mfululizo, kunyanyuka ni mpaka nishike meza kama bibi kizee. Hospitali walinipiga picha, daktari akasema pingili za chini zimesogeleana kidogo, akaniandikia diclofenac ya kutuliza maumivu na kuniambia nifanye mazoezi. Mazoezi gani, hakusema. Diclofenac nimemeza mpaka tumbo likaanza kuwaka moto.

Wifi yangu alipona goti kwa sindano za Kichina, akanipeleka kwenye kliniki moja hapa mjini. Kwanza nilishikishwa kifimbo cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, dakika moja tu, zikatoka karatasi 14 za majibu: figo dhaifu, ini lina joto, damu nzito, kizazi kimechoka. Kisha nikaingia kwa daktari mwenyewe, mzee wa Kichina. Alinishika mapigo mikono yote miwili, akatazama ulimi, akaongea sana. Kijana aliyevaa koti jeupe akanitafsiria kwa neno moja: "Dokta anasema figo zako zimeisha nguvu." Mama, nililia palepale.

Wakanipigia hesabu: sindano mara 20 pamoja na dawa za unga, laki tisa na nusu, ila nikilipa siku ileile ni laki saba. Sikuwa nazo, nikaacha kianzio cha laki moja na nusu. Yule kijana akanipa mifuko sita ya dawa isiyoandikwa kitu, akaniambia niache dawa zangu za presha kwa wiki mbili ili zisigongane na hizi. Leo ni siku ya tatu sijameza.

Mume wangu anasema kuchomwachomwa sindano zisizo na dawa ni ushirikina. Mwanangu wa chuo anasema ni utapeli mtupu, wifi amepona kwa saikolojia. Sindano zenyewe sijaanza, naanza wiki ijayo.

Naomba unisaidie. Hizi sindano zinatibu kweli? Daktari wa kweli wa tiba hii nitamjuaje? Na figo zangu je?

Fundi wa Mbagala

*

Marahaba mwanangu.

Acha kusoma kwanza, nenda kameze dawa yako ya presha. Kidonge kama ulivyozoea, usifidie siku tatu kwa kumeza vitatu kwa mpigo. Kesho asubuhi pita zahanati wakupime. Nimekuwa muuguzi wodini miaka 31, na waliopooza baada ya kuachishwa dawa na mtu wa pembeni nimewageuza kitandani wengi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Presha haina kelele. Ukiacha dawa hutasikia chochote, na hapo ndipo inapokumaliza. Mtu yeyote wa tiba, awe Mchina, Mmakonde au profesa, akikuachisha dawa uliyoandikiwa na mwingine bila hata kukufunga mashine ya presha mkononi, amekwisha kukuonyesha yeye ni nani.

Ndiyo, najua aliyesema ni yule kijana, si mzee. Nitamrudia huyo kijana.

Sasa sindano. Mumeo mwambie hakuna jini hapo. Bibi zetu walipiga chuku kwa pembe ya ng'ombe, leo mjini watu wanapanga foleni kwa ajili ya hijama, na Wachina nao wana vikombe vyao vya kuumika. Akupancha, yaani hizo sindano za Kichina, ni ndugu wa ukoo huohuo wa tiba za kale. Vitabu vyao vya msingi vina umri wa miaka 2,000 hivi. Vinaeleza kwamba mwilini mnapita nguvu iitwayo qi, katika njia zake maalumu, na ikikwama mtu anaumwa. Sindano inachomwa kwenye vituo vya njia hizo ili kuikwamua. Shirika la Afya Duniani limeorodhesha vituo 361 ili wataalamu wa nchi zote wavitaje kwa majina na namba zilezile. Hiyo qi yenyewe hakuna aliyeiona kwa darubini. Mimi naichukulia kama ramani ya kale: iliyochorwa kwa macho ya zamani, ila baadhi ya safari zake zinafika.

Maana sindano zenyewe nimechomwa. Bega langu la kushoto liliganda, nikawa siwezi kujifunga kanga, na aliyenitibu alikuwa Mtanzania mwenzetu aliyesomea China. Wewe ni fundi, utanielewa haraka: sindano ya cherehani namba 14 ina unene wa milimita 0.9. Ile ya akupancha aliyonichoma ilikuwa milimita 0.25, haina tundu, haipitishi dawa. Inakuja ndani ya kijibomba cha plastiki; anakiweka juu ya ngozi, anagonga kwa kidole, tak, imeshaingia. Kuchomwa kwenyewe hata mbu anauma zaidi. Kinachofuata ndicho kigeni: akaizungusha kidogo, na nikasikia uzito unaozama ndani, kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kuamka. Hali hiyo wanaiita deqi, na daktari mzuri atakuuliza kama umeisikia. Halafu nililala na sindano zangu nane karibu nusu saa, na kusema kweli nilikoroma. Wewe usishangae mgongo unauma naye anakuchoma nyuma ya goti. Wana msemo wao wa zamani kwamba kiuno na mgongo vitafutwe pale, kwenye kituo kiitwacho Weizhong.

Inatibu? Hapa mwanao ana hoja, ila ameikata nusu. Ujerumani walifanya utafiti mkubwa, majibu yakatoka mwaka 2007. Wagonjwa 1,162 wa mgongo sugu kama wako waligawanywa makundi matatu. La kwanza walichomwa akupancha halisi. La pili walichomwa danganya toto: sindano za juujuu, mahali pasipo na kituo chochote. La tatu walipewa matibabu ya kawaida, yaani dawa, fiziotherapia na mazoezi. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu ya maana kwenye akupancha halisi walikuwa asilimia 47.6. Kwenye matibabu ya kawaida, asilimia 27.4. Na kwenye danganya toto? Asilimia 44.2!

Nilipousoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Danganya toto imeipita hospitali, na imeikaribia akupancha halisi mpaka wanakanyagana visigino. Ukiniuliza mimi, naona mambo mawili. Kulala kimya nusu saa, kuguswa na mtu anayekusikiliza, na mwili kuchokozwa na sindano, kuna namna kunatuliza maumivu, na nafuu hiyo ni nafuu. Mwanao asimcheke shangazi yake, goti ni lake na yeye ndiye anayelitembelea. Lakini mahali hasa pa kuchoma panaonekana kuchangia kidogo kuliko tunavyoambiwa. Kwa hiyo anayekuuzia siri ya kituo fulani kitakachokuponya kabisa, mpe mgongo, hata kama ni huo unaouma.

Madaktari wa nchi nyingine nao wamepishana. Uingereza mwongozo wa mwaka 2009 ulikubali akupancha kwa maumivu ya kiuno, wa mwaka 2016 ukaikataa. Marekani nao, chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani kiliiweka mwaka 2017 miongoni mwa mambo ya kujaribu kwanza kabla ya vidonge, na tangu Januari 2020 bima ya serikali ya wazee inailipia kwa mgongo sugu. Tazama wanavyoilipia: mara 12 ndani ya siku 90, ikionekana kuna nafuu wanaongeza 8, isipoonekana wanaacha. Wenye pesa zao hawalipi ishirini kwa mkupuo, wewe wa Mbagala ulipe?

Tuje kwenye figo, maana najua ndizo zinazokunyima usingizi. Katika tiba ya Kichina kuna neno shen. Ukilitafsiri moja kwa moja ni figo, lakini kwa wataalamu wao lina maana pana sana: ndani yake kuna mifupa, kiuno, uzazi, uzee, hata masikio. Mtu mwenye kiuno kinachouma kwa muda mrefu, kwa hesabu za tiba yao, mara nyingi shen yake ni dhaifu. Ni kama sisi tunavyosema mtu "ana moyo mgumu". Hatumpeleki Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kupimwa. Mzee wa watu huenda alieleza nadharia yake dakika tano nzima, kijana akaibana ikawa "figo zimeisha nguvu", nawe ukatoka unajiona mtu wa kusafishwa damu. Na "ini lina joto" ni hadithi hiyohiyo. Figo zile za bucha zinapimwa kwa damu na mkojo. Mwambie daktari wako wa presha akupime kreatinini, taka ya kwenye damu inayochujwa na figo, na protini kwenye mkojo. Mwenye presha anatakiwa kupimwa hivyo kila baada ya muda hata asipoumwa kitu. Na ukitaka kumtafuta mchawi wa figo zako, anza na hiyo diclofenac unayoitafuna kama karanga. Inaunguza tumbo, inapandisha presha na inachosha figo, kwa pamoja.

Kile kifimbo cha chuma hakihusiani na tiba ya Kichina hata chembe. Daktari wa tiba ile hufanya alivyofanya yule mzee: vidole vitatu kwenye kifundo cha kila mkono, ulimi nje, maswali ya usingizi, choo, hedhi, jasho la usiku. Chuma unachokishika kiganjani hakiwezi kuona kizazi chako. Mimi nilikishika mara mbili kwenye kliniki moja, nikidai sikuelewa majibu ya kwanza. Ndani ya robo saa nikawa nimepona tezi na kupata tatizo jipya la nyongo. Zile karatasi 14 wape watoto wachoree nyuma.

Mtu wa kweli utamjuaje? Anza kwa kutenganisha mambo ambayo watu huyachanganya: daktari Mchina si lazima awe daktari wa tiba ya Kichina. Serikali ya China imekuwa ikituletea timu za madaktari tangu mwaka 1964 Zanzibar na 1968 Bara, na wengi wao ni wapasuaji, wa macho, wa watoto. Hao wako hospitali za umma. Kliniki ya mtaani ni biashara binafsi, na utaifa wa mwenye kliniki hauthibitishi chochote, kama vile kuwa Mpemba hakukufanyi nahodha.

Kwa hiyo angalia ukutani, halafu usome kilichotundikwa. Cheti cha mlipa kodi si cheti cha tiba. Leseni ya biashara ya halmashauri nayo hutolewa hata kwa muuza vitenge. Unachotafuta ni usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002 na lipo chini ya Wizara ya Afya. Anasajiliwa mtu, na kituo nacho kinasajiliwa, kila kimoja na cheti chake. Usikubali kimoja kifunike kingine. Piga picha namba kwa simu yako, jina lifanane na la anayekuchoma, kisha uulize kwenye Baraza au kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri yenu, ofisi ya mganga mkuu watakuelekeza. Wenzetu wa Zanzibar wana baraza lao.

Kisha muulize amesomea wapi na miaka mingapi. Usione haya, wewe mwenyewe mteja akikuletea kitambaa cha bei anakuuliza umeshona wapi. China shahada ya tiba hii ni miaka mitano chuo kikuu, pamoja na mazoezi hospitalini, na baada ya hapo kuna mtihani wa taifa. Aliyefaulu ana cheti cha sifa ya udaktari, na cha pili cha ruhusa ya kufanya kazi. Kwa asiye daktari anayetaka kufanya akupancha tu, Shirika la Afya Duniani mwaka 1999 lilipendekeza saa 2,500 za mafunzo, na angalau 1,000 ziwe za vitendo. Mtu aliyehudhuria semina ya wikiendi akatundika cheti chenye muhuri mwekundu hajafika hata njiani. Na kama mnapita kwa mkalimani, huyo mkalimani si daktari, hata koti lake liwe jeupe kama theluji ya Kilimanjaro. Muulize mzee mwenyewe, kwa maandishi ikibidi, kama kweli amesema uache dawa ya presha. Usishangae akikataa kwa mikono miwili.

Siku ya sindano, macho yako yawe kwenye pakiti. Ifunguliwe mbele yako, na ina tarehe ya mwisho wa matumizi. Sindano ikishatoka kwako iingie kwenye boksi la taka kali, lile la njano, isirudi kwenye kibakuli cha spiriti. Homa ya ini na virusi vya UKIMWI havijali kama sindano ni ya asili. Anawe mikono, apanguse ngozi. Akija na sindano ndefu juu ya bega au kifuani muulize ataingiza kiasi gani, maana hapo mapafu yako karibu, na yamewahi kutobolewa. Ungekuwa mjamzito, una kifaa cha moyo au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda ungemwambia kabla hujalala kitandani. Kula kwanza, wanaokwenda na njaa ndio wanaozimia.

Dawa za unga ni kesi tofauti, na zinanitisha kuliko sindano. Sisemi mitishamba ya Kichina ni uongo. Mseto tunaomezea malaria umetokana na mmea uliotajwa kwenye vitabu vyao vya kale. Mama mmoja, Tu Youyou, alifuata maandishi hayo na kuupima maabara na timu yake, na mwaka 2015 akapewa Nobel. Mwanao naye bila shaka ameshaumeza. Lakini ule ulipimwa, kiasi chake kinajulikana, kimeandikwa kwenye boksi. Wewe umepewa mifuko sita isiyo na jina. Gancao, mzizi mtamu unaotiwa kwenye michanganyiko mingi ya Kichina, ukitumiwa kwa wingi unapandisha presha. Mahuang, mmea mwingine wa dawa zao, nayo hivyohivyo. Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1990 kliniki moja ya kupunguza unene iliwapa wanawake mitishamba ya Kichina, ndani yake kukaingia mmea usio sahihi wa jamii ya Aristolochia, zaidi ya mia moja wakaharibika figo. Figo hizi za kweli, si shen. Usiimeze mifuko hiyo mpaka ipate majina ya vilivyomo, na orodha hiyo daktari wako wa presha aione.

Je, ukachomwe? Kwa mtu sahihi, ndiyo, jaribu. Ila nataka kwanza ujiangalie: unapungua mwili bila sababu, una homa za jioni, maumivu yanakuamsha usiku? TB ya uti wa mgongo ipo kwetu, na huanza kama mgongo wa kawaida. Mguu ukiishiwa nguvu, ukashindwa kuzuia mkojo, au ukapata ganzi sehemu unayokalia, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo, usiku usipite. Kama hayo hayapo, omba barua ya kwenda fiziotherapia, huko ndiko utakakofundishwa yale mazoezi uliyonyimwa maelezo. Na kiti chako cha cherehani kipandishe kwa mto mgumu ili magoti yasiwe juu kuliko nyonga. Inuka kila ukimaliza kushona upande mmoja wa nguo. Sindano ziende sambamba na hayo. Lipia mara moja moja, ukifika mara ya sita jiulize swali moja tu: nakaa kwenye cherehani muda mrefu kuliko mwezi uliopita? Kama la, umeshajaribu, inatosha.

Kuhusu kianzio chako, wakikupa vyeti na majina ya dawa, waambie laki moja na nusu ihesabiwe kwenye sindano za kulipia moja moja. Wakikataa, idai. Nenda na risiti, nenda na wifi yako aliyekupeleka, na mwende asubuhi ya Jumatatu wakati benchi la kusubiria limejaa wateja. Sauti msiipandishe, ila msiishushe pia.